Namna ya Kupanga Dodoso la Mtandaoni Linalomlipa Mshiriki kwa Haki

Tuseme mtafiti ameandika dodoso, akalijaza mwenyewe mara mbili, akaona linamchukua dakika 12, kisha akalitangaza kwenye jukwaa la kazi za mtandaoni kwa malipo ya dola 2.40, akiamini kwamba anawalipa washiriki wake dola 12 kwa saa. Washiriki walipolijaza, yule wa katikati, yaani aliyetanguliwa na nusu ya wenzake na kufuatwa na nusu nyingine, alitumia dakika 20. Dola 12 kwa saa zikawa zimegeuka dola 7.20, senti tano chini ya kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho nchini Marekani, ambacho hakijapandishwa tangu 2009. Mtafiti huyo hakukusudia kumdhulumu mtu. Alikosea kupima, na gharama ya kosa lake ikabebwa na watu 300 wasiomjua.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu kama huyo, awe mwanafunzi anayekusanya data ya tasnifu yake au ofisa wa shirika linalotaka maoni ya wananchi. Ninachoshikilia ni kwamba malipo na muundo wa dodoso havitenganishiki. Swali lililoandikwa ovyo humla mshiriki dakika, na dakika isiyohesabiwa ni ujira usiolipwa; kwa hiyo anayepanga bei kwanza na kuandika maswali baadaye anakuwa ametaja bei ya kitu asichokijua.

Pima muda kabla ya kutaja bei

Mwandishi wa dodoso ndiye mtu wa mwisho anayefaa kulipima. Anayajua maswali kwa ghibu, harudii maelekezo, na hasiti mbele ya jibu kwa kuwa si maisha yake yanayoulizwa. Wenzake wa ofisini nao hawafai sana, maana wanaijua mada na misamiati yake. Fanya jaribio la awali kwa watu wapatao 20 wa aina ileile utakaowahitaji, kwenye jukwaa lilelile, wakitumia vifaa vyao wenyewe, na uwalipe kwa ukarimu kwa sababu katika hatua hiyo bado hujui unanunua dakika ngapi. Saa ianze kuhesabu pale mshiriki anapofungua ukurasa wa maelezo na ridhaa, isisubiri swali la kwanza, na isimame pale anapopewa msimbo wa kuthibitisha kwamba amemaliza. Wapo wanaouacha nje muda wa kusoma ridhaa kwa hoja kwamba si sehemu ya utafiti. Mshiriki hakuusoma ukurasa ule kwa kujiburudisha.

Ukishapata nyakati hizo 20, usizijumlishe na kugawanya, kwa kuwa mtu mmoja aliyeacha ukurasa wazi akaenda kula atauvuta wastani juu bila sababu. Zipange kuanzia fupi hadi ndefu. Muda wa katikati utakuonyesha hali ya kawaida, lakini mimi hupendekeza malipo yafuate muda wa mtu wa 15 kati ya hao 20. Ukilipia muda wa katikati, nusu ya washiriki watapata chini ya kiwango ulichoahidi, tena kwa hesabu tu, hata kama kila kitu kimekwenda sawa. Na katika nusu hiyo utawakuta wazee, wanaosoma kwa lugha yao ya pili, wenye uoni hafifu, wenye simu za zamani na mtandao unaokatika, pamoja na wale wanaofikiri kabla ya kujibu, ambao kwa kweli ndio unaowatafuta.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme mtafiti yule angefanya jaribio la awali, na mwenye kasi kuliko wote akatumia dakika 11, wa katikati 20, na wa 15 akatumia 26. Kwa kiwango cha dola 12 kwa saa, kila dakika ni senti 20, kwa hiyo malipo yanayostahili ni dola 5.20, na kwa washiriki 300 ni dola 1,560. Juu yake kuna ada ya jukwaa. Kwenye Amazon Mechanical Turk, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2005, ada imekuwa asilimia 20 ya malipo, nayo hupanda hadi asilimia 40 kazi moja inapohitaji watu 10 au zaidi. Kwa mfano huu ni dola 624, na bajeti yote inafika dola 2,184. Ada ni mzigo wa mtafiti. Nimewahi kuona bajeti zinazoitaja jumla hiyo yote kuwa "malipo ya washiriki", jambo ambalo si kweli.

Fedha zisipotosha, punguza kwanza maswali, kisha idadi ya watu, lakini kiwango cha saa kiache palepale. Wengi huogopa mno kupunguza watu. Kwa sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu, kushuka kutoka washiriki 400 hadi 300 kunapanua kiwango cha makosa, yaani umbali ambao matokeo ya sampuli yanaweza kupishana na hali halisi, kutoka takriban asilimia 4.9 hadi 5.7 kila upande. Hiyo haifiki hata pointi moja, ilhali umeokoa robo nzima ya malipo. Tena washiriki wa majukwaa haya huja wenyewe, hawachaguliwi kwa nasibu, kwa hiyo usahihi unaodhani umeununua kwa watu wale 100 wa ziada haukuwa wa uhakika tangu mwanzo.

Kiwango gani ni cha haki?

Mwaka 2018 mtafiti Kotaro Hara na wenzake walichapisha uchambuzi wa kazi milioni 3.8 zilizofanywa na wafanyakazi 2,676 wa Mechanical Turk. Waligundua kwamba kipato cha mfanyakazi wa katikati kilikuwa takriban dola 2 kwa saa, na kwamba asilimia 4 tu walipata zaidi ya dola 7.25, kile kima cha chini cha Marekani. Sehemu ya tatizo ilikuwa bei ndogo, na sehemu nyingine ilikuwa muda usiolipwa kabisa: kutafuta kazi, kuanza kazi na kuiacha, na kumaliza kazi ambayo baadaye inakataliwa. Jukwaa la Prolific, lililoanzishwa Uingereza mwaka 2014 kwa ajili ya watafiti, lilijiwekea kima cha chini, ambacho katika kanuni zake za miaka ya karibuni ni paundi 6 kwa saa, huku likipendekeza paundi 9 au zaidi. Kima hicho kinasaidia, lakini hakikuondolei wajibu wa kufikiri.

Kanuni ninayoifuata ni kutazama kima cha chini cha mshahara cha mahali mtafiti alipo na cha mahali mshiriki alipo, kisha kulipa kilicho juu zaidi. Wapo watakaosema kwamba kumlipa mtu wa nchi maskini kwa viwango vya nchi tajiri ni kumshawishi kupita kiasi. Hoja hiyo ina asili ya heshima, kwani maadili ya utafiti, yakiwemo yale ya Ripoti ya Belmont ya 1979, waraka wa Marekani kuhusu utafiti unaohusisha watu, yanataka mtu akubali kwa hiari bila kuvutwa na zawadi kubwa hadi apuuze hatari. Lakini kujaza dodoso kuhusu matumizi ya simu hakuna hatari ya kupuuzwa. Ripoti hiyohiyo inataka pia haki, kwa maana ya kwamba mzigo wa utafiti usiwaangukie watu kwa sababu tu ni rahisi kuwapata. Kumtafuta mshiriki mahali fulani kwa kuwa huko ndiko anakopatikana kwa bei ya chini ni mzigo wa aina hiyo.

Bahati nasibu badala ya malipo ni njia inayopendwa na wasio na bajeti. Zawadi moja ya dola 100 kwa washiriki 500 ni sawa na senti 20 kwa kila mtu, na 499 kati yao wanaondoka mikono mitupu. Kama huna fedha, ni afadhali uombe watu wajitolee na uwaambie hivyo waziwazi.

Dakika zisizoonekana

Maswali ya kuchuja ndiyo yanayonyonya watu kimyakimya. Chukua utafiti unaohitaji watu 300 wenye sifa ambayo mtu mmoja kati ya 10 anayo. Utalazimika kuwauliza watu 3,000, na 2,700 kati yao wataambiwa "samahani, hustahili" baada ya kutoa umri, kazi, kipato na hali yao ya ndoa. Umepata taarifa zao, nao hawajapata chochote. Njia safi ni kugawa kazi mara mbili: dodoso fupi la kuchuja la dakika moja, lenye malipo yake na lililo wazi kwa wote, kisha mwaliko wa dodoso refu kwa wanaostahili. Kwa senti 20 kila mmoja, hao 2,700 watakugharimu dola 540 kabla ya ada. Ukiona ni nyingi, tafuta kama jukwaa lina kichujio chake kinachotumia taarifa ambazo washiriki walikwisha kuzijaza, ili asiyestahili asilione tangazo kabisa. Kuwachuja watu katikati ya dodoso, ukurasa wa nane, bila malipo ya sehemu waliyofanya, ni jambo nisiloona namna ya kulitetea.

Njia ya kulipa nayo ina gharama zake. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa Mechanical Turk walioishi katika nchi nyingi nje ya Marekani walilipwa kwa kadi za zawadi za kununulia bidhaa kwa Amazon yenyewe, ambazo huwezi kulipia kodi ya nyumba. Hata pale zinapotolewa fedha taslimu, ada ya kuhamisha na ya kubadili sarafu inaweza kumeza sehemu ya malipo madogo. Uliza mapema, na kama mshiriki ndiye anayekatwa, ongeza kiasi hicho.

Angalia pia kikomo cha muda kinachowekwa kwenye jukwaa. Kikiwa kifupi mno, mtu wa dakika 26 atafungiwa nje akiwa swali la mwisho, na kazi yake haitahesabiwa. Mara tatu ya muda wa katikati ni kikomo cha busara.

Maswali yanayokula muda

Sehemu kubwa ya zile dakika nane alizokosea mtafiti wetu iko hapa, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Mfano wa kwanza: "Je, huduma ya intaneti unayoitumia ni ya kasi na ya bei nafuu?" Mwenye intaneti ya kasi iliyo ghali atakwama. Atalisoma swali tena, atajaribu kukisia ulichokusudia, kisha atachagua jibu lolote. Umempotezea sekunde 20, na jibu lake halina maana. Maswali mawili mafupi, moja la kasi na moja la bei, yatajibiwa haraka kuliko hilo moja.

Mfano wa pili unahusu kukanusha, na lugha yetu ina mtego wake. Ukiuliza "Je, hujawahi kunyimwa malipo?" na mtu akajibu "Ndiyo", mmoja atakuwa anamaanisha "ndiyo, sijawahi", na mwingine "ndiyo, nimewahi". Katika mazungumzo tunaokolewa na maneno yanayofuata. Kwenye dodoso kuna vitufe viwili tu. Uliza "Je, umewahi kunyimwa malipo?" na mtego umeondoka. Dodoso lililotafsiriwa kutoka lugha nyingine lichunguzwe kwa makini zaidi hapa, kwa sababu mfasiri mwaminifu huhamisha ukanushaji uleule bila kujua kwamba umebadilika maana njiani.

Kisha kuna jedwali. Kauli 20 kwa wima, ngazi saba za kukubali kwa mlalo, jumla vitufe 140 kwenye ukurasa mmoja. Kwenye kompyuta linapendeza. Kwenye simu, vichwa vya safu hupotea mtu anaposogeza ukurasa, naye inambidi apande na kushuka kukumbuka kama kitufe cha tatu kilikuwa "sikubali kiasi" au "sina hakika". Wengine wataamua kubonyeza safu moja kutoka juu hadi chini, na mtafiti atawalaumu kwa uvivu. Gawa jedwali hilo katika mafungu ya kauli tano, rudia vichwa kila fungu, na kwanza kabisa jiulize kama kauli zote 20 zina kazi. Ninavyoona, swali ambalo huwezi kutaja jedwali au sentensi ya ripoti litakakotumika halistahili kubaki.

Maswali ya maelezo yanahitaji bei yake. Kuandika maneno 100 kwa kidole gumba ni kazi ya dakika kadhaa, si ya sekunde 30 kama unavyodhani ukiwa mbele ya kibodi. Ukitaka sentensi moja, sema unataka sentensi moja, na weka kisanduku kidogo. Ukubwa wa kisanduku humwambia mshiriki anatarajiwa kuandika kiasi gani. Usizuie kunakili na kubandika kwa kuogopa majibu ya mashine, kwani wapo wanaoandika kwanza mahali pengine wakihofia ukurasa kujifunga na kazi yao kupotea.

Usimlazimishe mtu kujibu kila swali ndipo aendelee. Weka "Sijui" na "Sipendi kujibu", hasa kwenye kipato, afya na imani. Kama kuna picha au simulizi za kuumiza, onyo likae kwenye tangazo lenyewe, mahali ambapo mtu anaweza kupita bila kupoteza kitu.

Na ukurasa wa ridhaa uandikwe ili usomwe. Ufuatao ni mfano wa sehemu inayohusu malipo:

"Dodoso hili lina maswali 34. Katika jaribio letu, watu wengi walilimaliza ndani ya dakika 26. Utalipwa dola 5.20 ndani ya siku mbili baada ya kumaliza. Unaweza kuacha swali lolote bila kupunguziwa malipo. Ukiamua kuacha katikati, tuandikie, nasi tutakulipa kwa muda uliotumia. Kuna swali moja linalopima kama maelekezo yanasomwa. Kulikosa peke yake hakutakunyima malipo."

Hakuna ahadi hapo ambayo mtafiti hawezi kuitimiza, na mshiriki anaweza kupiga hesabu yake kabla ya kubonyeza "Nakubali".

Maswali ya kupima umakini na kukataa kazi

Swali la kupima umakini, kwa mfano "Chagua 'Sikubali kabisa' ili kuonyesha kwamba unasoma", lina nafasi yake. Tatizo ni kulizidisha. Tuseme mtu mwaminifu ana uwezekano wa asilimia 3 kuteleza kwenye swali moja la aina hiyo. Ukiweka manne na ukamkataa yeyote aliyekosa hata moja, utawakataa takriban asilimia 11 ya watu waaminifu, yaani watu 34 hivi kati ya 300. Weka moja au mawili, yawe ya wazi, na yasitegemee kumbukumbu wala ujuzi wa mada. Swali la kunasa lililofichwa ndani ya aya ndefu hupima uvumilivu zaidi ya umakini.

Kukataa kazi kuna uzito ambao watafiti wengi hawauoni. Kwenye Mechanical Turk mtoa kazi anaweza kuikataa kazi asilipe, ilhali majibu anayo tayari. Mfanyakazi hukosa fedha, na juu ya hayo kiwango chake cha kukubaliwa hushuka, na watoa kazi wengi hufungia mlango yeyote aliye chini ya asilimia 95. Ni kwa sababu ya malalamiko kama hayo kwamba watafiti Lilly Irani na Six Silberman walitengeneza Turkopticon mwaka 2008, zana iliyowawezesha wafanyakazi kuwapima watoa kazi kwa malipo, haraka, haki na mawasiliano yao. Mtafiti anayekataa hovyo atajikuta akikwepwa na wale wazoefu aliokuwa akiwataka.

Kwa hiyo tenga mambo mawili: kutotumia jibu, na kutolipa. Jibu lenye shaka unaweza kuliondoa kwenye uchambuzi huku ukilipa. Ukataaji ubaki kwa udanganyifu ulio dhahiri, kama mtu mmoja kujaza mara tano kwa akaunti tofauti, au kumaliza maswali 34 kwa dakika moja na nusu. Hata hapo mwandikie kwanza, mweleze ulichoona, na umpe nafasi ya kujieleza au, jukwaa likiruhusu, kuirudisha kazi mwenyewe ili rekodi yake isichafuke. Vigezo vya kuondoa majibu viandikwe kabla data haijaingia. Vikitungwa baadaye hufuata matokeo unayoyapenda.

Dodoso likiwa hewani

Siku ya kwanza fungua nafasi 30 tu kati ya 300. Tazama muda halisi, soma barua za washiriki, na jaribu kiungo cha msimbo wa kumaliza, ambacho kwa uzoefu wangu ndicho kinachoharibika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Msimbo ukigoma, mshiriki amefanya kazi yote na hana ushahidi. Mlipe kwa mkono siku hiyohiyo, kwa kutazama majibu yake kwenye hifadhidata. Majukwaa yanayoruhusu kuchelewesha idhini ya malipo, hadi siku 30 kwa Mechanical Turk, hayakulazimishi kuzitumia zote.

Muda halisi ukizidi makadirio, simamisha tangazo, pandisha malipo ya nafasi zilizobaki, na uwatumie bonasi waliotangulia. Mtafiti wetu aliyelipa dola 2.40 kwa kazi ya dakika 20 angeweza kulirekebisha kosa lake akiwa na watu 30 kwa bonasi ya dola 1.60 kila mmoja, jumla dola 48, bila ada. Aligundua akiwa na watu 300, na deni likawa dola 480.

Katika sehemu ya mbinu ya ripoti, andika kiasi ulicholipa, muda wa katikati, kiwango cha saa kinachotokana navyo, idadi ya waliochujwa na walicholipwa, na idadi ya kazi ulizokataa pamoja na sababu. Sentensi mbili zinatosha: "Washiriki 300 walilipwa dola 5.20 kila mmoja kwa dodoso lililomchukua mshiriki wa katikati dakika 21, sawa na takriban dola 14.90 kwa saa. Waliochujwa walilipwa senti 20, na hakuna kazi iliyokataliwa."